Kitengo cha Uhamasishaji wa Povu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usijisumbue kumtafuta, maana waliosimama karibu naye ni wengi na unaweza kumsingizia mtu.

Mimi ni Afisa Habari wa Mamlaka ya Maji. Tangazo lililobandikwa kwenye nguzo zote za mji wetu nililiandika mimi: "Mamlaka inayo furaha kuujulisha umma kuwa maji ya bomba ni bora, salama na yamekomaa. Uhaba wa povu unaoripotiwa majumbani umechunguzwa, ikabainika kuwa unatokana na ufuaji usiozingatia utaalamu. Kwa hiyo, Kitengo cha Uhamasishaji wa Povu kimeanzishwa rasmi."

Wataalamu huyaita maji magumu, kwa sababu ya chokaa iliyomo. Ukiyachemsha, birika linavaa gamba jeupe. Ukimimina chai, inatanda ngozi juu. Ukioga, unatoka bafuni umenata kuliko ulivyoingia. Sabuni unaisugua mpaka inabaki ganda la kitunguu, na povu hulioni. Lakini hayo ni mambo ya majumbani. Sisi ofisini tulikuwa na takwimu.

Kitengo kilipewa gari, mwavuli na mkuu wake, kikazunguka mitaani kuwafundisha watu kusugua kwa mduara kuelekea kulia. Waliosugua kuelekea kushoto walipewa onyo la mdomo.

Aliyeharibu mambo ni shangazi yangu. Ni dobi. Ndiye aliyenilea, na shuka za nyumba ya wageni ndizo zilizonisomesha mpaka nikajua kuandika matangazo. Sasa shuka hizo zilianza kuwa na rangi ya majivu, na mwenye nyumba ya wageni akaanza kununa. Shangazi hakubishana naye. Alizitundika kwenye uzio wa ofisi yetu, zikapepea pale kama bendera za nchi iliyokata tamaa.

Mkurugenzi akaniita dirishani.

"Nani katuanikia?"

"Shangazi yangu, mheshimiwa."

"Shangazi wa kweli au wa heshima?"

"Dada wa baba, tumbo moja."

"Basi mwambie anachafua sifa ya maji. Adhabu yake ni kukatiwa bomba."

Nikamkuta amejipinda kwenye karai, vidole vimekakamaa, vyeupe kwa chokaa.

"Shangazi, wanasema unachafua sifa ya maji."

"Na maji yao yanachafua shuka zangu. Nimshtaki nani?"

"Wakikukatia utafua na nini?"

Dobi asiye na bomba ni mtu mwenye karai tu. Shangazi akakamua shuka, akaikung'uta karibu na uso wangu.

"Mwambie bosi wako aje afue yeye. Hapa hapa, shati lake mwenyewe. Likitakata, akate. Lisipotakata, aniachie bomba langu, na alete ule mtambo wa kutoa chokaa mliotuahidi tangu wewe hujaota ndevu."

"Shangazi, Mkurugenzi hafui."

"Ndiyo maana anajua sana kufua."

Nilitegemea Mkurugenzi atang'aka. Wapi! Alifurahi, akaagiza wapiga picha, akamwalika na Waziri. Siku ilipofika, jukwaa likasimamishwa mbele ya ua wa shangazi. Viti vya wakubwa vikawekwa kivulini, na fundi bomba akasimama kwenye mita na spana yake, akingoja ishara.

Asubuhi hiyo dereva wa Mkurugenzi alishusha pipa la maji.

"Ya wapi haya?" nikamuuliza.

"Ya mvua, kutoka tangi la nyumbani kwa bosi. Kule ya bomba hawaoshei hata mbwa."

Mtu mwenye akili angekonyeza jicho, akaenda zake. Lakini mimi tangazo lile nililiandika, nikalisahihisha, nikalisoma redioni, na katika kulirudia rudia nikawa nimeliamini. Nikaona hujuma. Kumfulisha kiongozi kwa maji ya mawinguni, yasiyo na cheti! Nikalimwaga pipa lote mtaroni, nikalijaza maji ya bomba mpaka ukingoni.

"Kaka," dereva akasema, "umelala vizuri kweli?"

"Kaa pembeni. Hujui mambo ya ubora."

Akakaa pembeni, tena akachagua mahali pazuri pa kuonea.

Mkurugenzi akapanda jukwaani, akavua shati jeupe, akabaki na fulana. "Wananchi," akasema, "povu ni nidhamu!" Akashika mche wa sabuni, akaanza. Akasugua kuelekea kulia. Hakuna kitu. Akasugua tena, jasho likamtoka. Halafu, mbele ya kamera zote, akasugua kuelekea kushoto. Mkuu wa Kitengo akageukia ukutani asije akalazimika kutoa onyo. Juu ya maji kukaelea utando wa kijivu kama wa uji uliolala.

"Mzee, ongeza nidhamu!" mtu akapaza sauti.

"Mwacheni, analainisha kwanza pipa!"

Mkurugenzi akaninong'oneza, meno yakiwa bado yanatabasamu. "Maji haya umeyatoa wapi?"

"Bombani, mheshimiwa. Yale ya mvua niliyamwaga."

"Nani alikutuma?"

"Tangazo."

Akanitazama kama mtu aliyekuta nyoka kiatuni, lakini ilikuwa ni mbele za watu.

Shati likaanikwa. Jua lilikuwa kali. Likakauka upesi, likakakamaa, mikono imenyooka mbele kama ya mtu anayetembea usingizini, kola ina mistari ya kijivu. Kamati ya Tathmini ikalizunguka. Mjumbe mmoja akajaribu kulikunja, likamwaga unga. Wakashauriana, kisha mwenyekiti akatangaza: "Shati limefikia weupe wa kuridhisha, kwa kuzingatia mazingira."

Waliokaa wakapiga makofi. Waliosimama wakatazamana.

"Fundi, kata!" Mkurugenzi akaamuru. Msafara wa Waziri ulikuwa umeshaonekana mwisho wa barabara, naye bado yuko na fulana. "Dereva! Lete shati langu jingine, haraka!"

Shangazi akasimama kati ya fundi na mita.

"Kwani hili halijatakata?"

"Mama, umeisikia Kamati. Limetakata."

"Limetakata kabisa?"

"Kabisa! Hata la dukani halifui dafu."

Fundi akalitazama shati, akamtazama shangazi, akaitia spana mfukoni. Gari la Waziri likasimama, mlango ukafunguliwa. Shangazi akalitoa shati kambani, likaja limesimama wima kama trei, akamkabidhi Mkurugenzi kwa mikono miwili.

"Basi livae."