Kuanguka kwa Kopo la Mafuta Meusi

Sogeeni, enyi wenye magoti yanayotabiri mvua na vidole vinavyogoma asubuhi, vuteni viti niwasimulie vita vilivyopiganwa jikoni, baina ya sinki na jiko la gesi, ambamo utawala wa miaka kumi na mmoja uliangushwa. Asiyependa habari za mashujaa aende akachambue mchele.

Alikuwako fundi cherehani, Malkia wa Pindo, Mshona Vifungo Elfu, ambaye sindano ikiuona mkono wake husimama wima kwa adabu. Na alikuwako mumewe, mlinzi mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Hakitupwi, kwani tangu azaliwe hajatupa hata kizibo. Yeye ndiye aliyelitawaza kopo la mafuta ya kukaangia: yakishatumika huchujwa, hurudishwa koponi, huongezewa mapya juu yake, kisha hukaangiwa tena. Hayakuwahi kwisha wala kumwagwa. Yalikuwa meusi, mazito, yananuka samaki waliokwisha kusahauliwa, na Mzee akiyasifu kwamba yamekomaa.

Basi maumivu yakavihusuru vidole vya Malkia. Mwaka wa kwanza alinyamaza, wa pili akasingizia baridi, wa tatu akawa anampelekea jirani kazi ya vifungo na kumwambia mumewe kwamba macho yamechoka. Ukweli alimwambia mpwa wake tu, binti afanyaye kazi maabara, aliyekuja kumjulia hali. Binti akalinusa kopo, akaketi kwanza.

"Shangazi," akasema, "mafuta yakichomwa na kuchomwa tena, hewa huyala kama kutu ilavyo chuma. Hata mafuta yaliyomo miilini mwetu huweza kuharibika vivyo hivyo, na yakiharibika huichokoza mishipa ya fahamu, uvimbe ukakataa kutulia, maumivu yakahamia moja kwa moja. Wenye elimu wangali wanalichunguza jambo hilo. Siwezi kukuahidi kwamba ukiyamwaga haya utapona. Nakuomba tu usiuongezee moto kuni."

Siku ya tatu, Mzee alipokwenda kunyolewa, shujaa wetu akajifunga kibwebwe, akamtaja Mola wake, akalishika kopo kwa mkono wa kushoto na kifuniko kwa wa kulia. Akazungusha. Kifuniko kilichogandishwa na mafuta ya miaka yote ile hakikutikisika. Akakifunika kwa kitambaa, akalibana kopo kwa magoti, akalitukana kwa sauti ya chini. Vidole vikawaka. Lo, hila ya adui! Alikuwa amemnyang'anya silaha kabla vita havijaanza. Malkia akaketi sakafuni, kopo mapajani, akalia kwa uchungu na kwa hasira ya kulia.

Hivyo ndivyo Mzee alivyomkuta, maana kinyozi alikuwa amefunga. Kuliona kopo lake hatarini, akavuta pumzi ndefu ya mtu mwenye hotuba, akatangaza kwamba kopo hilo lilikaanga viazi siku aliyostaafu, kwamba limewalisha wageni wasiohesabika, na kwamba wahenga hawakukosea waliponena akiba haiozi.

"Hii imeoza, Baba Watoto," mkewe akamjibu. "Na mimi siwezi hata kuifungua. Mwaka mzima sijashona kifungo. Nilikuwa nakuficha."

 Mzee akalitazama shati lake mwenyewe, ambalo kwa miezi saba lilishikwa kifuani kwa pini, naye akidhani mkewe ameanza kujifunza kubana matumizi. Kisha yule mlinzi wa makopo akapiga goti sakafuni, akalitwaa kopo, akazungusha mara moja. Likafunguka. Akayamimina mafuta kwa mkono wake mwenyewe katika maranda ya seremala jirani, akayafunga katika mfuko, akayapeleka jalalani.

Kopo lenyewe, jamani, hakulitupa. Alilisugua mara tatu kwa sabuni, akaviweka vifungo humo.

Basi na iandikwe, wajukuu waisome: vidole vya Malkia viliuma siku ile, vikauma na kesho yake. Lakini jioni ile Mzee Hakitupwi alikaa mbele ya mkewe, akaelekezwa tundu kwa tundu, akajichoma mara nne, akashona kifungo kimoja. Kilikaa upande. Na Malkia wa Pindo, ambaye hajawahi kumsamehe mtu mshono mbaya, hakukifumua.