Mashine ya Kupima Limbwata

Wilfred aliikuta ile mashine Kitai, kwa muuza vyuma chakavu, bado inawaka. Ukiweka kichupa cha maji ndani, inayapitishia mwanga na kukuonyesha namba: maji yamemeza mwanga kiasi gani. Wataalamu hutambua kemikali kwa njia hiyo. Wilfred alitambua wanaume wa Mbinga.

Ulikuwa msimu wa malipo ya kahawa, na sisi tukishika pesa huwaogopa wake zetu kuliko majambazi. Akaweka meza mbele ya mgahawa wa Vitalia, mjane aliyekuwa akimlisha.

"Leteni chai mliyopikiwa nyumbani! Ikivuka moja, umelishwa limbwata!"

Chai yetu ni ya rangi, tena iliyokolea. Haikukosa kuvuka. Aliyevuka aliuziwa dawa ya kuzinduka, yaani maji ya chumvi. Mimi nilinunua vichupa viwili, maana mke wangu siku hizo alinichekea bila sababu.

Mambo yakaharibika Ottilia, mke wa mwenzetu mmoja, aliporudishwa na mumewe kwao Mpepai kwa kosa la chai. Kesho yake, umati ukiwa umejaa, Vitalia akatoka na kikombe.

"Mtaalamu, pima na hiki."

"Hiki si changu, dada?"

"Ndiyo maana."

Angekataaje? Akamimina kahawa yake kwenye kichupa, kahawa ya Maguu, nyeusi tii. Namba ikapita moja, ikapita mbili, mashine ikaanza kupiga kelele.

Katika umati, Mzee Mansuetus akavua kofia. "Pole, mwanangu. Umelishwa."

Wilfred akatazama umati. Akisema mashine inadanganya, itabidi arudishe pesa zetu, na mikono ya mashati tulishaikunja.

"Inaonekana... nimelishwa," akanong'ona.

"Basi aliyelishwa limbwata hatunzi fedha," akasema Vitalia, akamvua mkoba. Pesa akawagawia wake zetu, kwa kuanzia na fungu la Ottilia, lililopelekwa Mpepai. Sisi hatukuona hata senti, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Wilfred akanywa vichupa sita vya dawa yake ili atangazwe amepona. Vikamkimbiza chooni.

Alipopata nafuu akajaribu kutoroka kwa basi la Songea. Kondakta akamshusha kwa upole. "Rudi nyumbani, shemeji. Hilo ni limbwata linakuhangaisha." Tukamsindikiza, wanaume wazima, kwa huruma ya kweli.

Vitalia alikuwa amemfunikia ugali na samaki mbasa. Wilfred akala kwa hasira, akamaliza, akaitazama sahani.

"Mchuzi umebaki?" akauliza.