Presha ya Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Jamani, leo nimeaibika mbele ya foleni nzima ya kituo cha afya. Nimerudi nyumbani Rhotia, nimejificha jikoni, na naandika hapa kwa sababu nikinyamaza nitalia.

Nianze na mama mkwe. Mke wangu Naserian ni Mmasai wa Ngorongoro, mimi ni Mmbulu wa hapa hapa. Mama yake aliletwa kwetu baada ya kuanguka huko kwake, tukaambiwa ni presha, akaanzishiwa dawa. Baba yake alishakufa kwa kiharusi, gari lilichelewa kufika bomani. Kwa hiyo Naserian ameweka sheria moja: mama harudi kwake mpaka presha ishuke. Naye mama hataki kitu kingine duniani isipokuwa kurudi.

Naserian ni mpishi kwenye loji kule juu, anakuja nyumbani akipata likizo. Mimi ni dereva wa watalii, na msimu huu wa mvua watalii hakuna. Basi udaktari wa nyumbani ukaniangukia mimi (shule niliishia kidato cha nne, na biolojia ilinishinda).

Nikaenda duka la dawa Karatu mjini kununua kipimo. Muuzaji akanionyesha cha kufunga kwenye kifundo cha mkono. Nikakikataa kwa dharau, maana mama mkwe amevaa bangili za shanga kuanzia hapo mpaka katikati ya mkono. Nikachukua cha kufunga juu ya kiwiko, chenye namba kubwa na kinachotunza kumbukumbu. Nikasoma maelekezo yote, neno kwa neno! Naserian hajawahi kuniona nikisoma maelekezo ya kitu chochote.

Tatizo likabaki moja. Nani amfunge mkanda?

Kwa mila ya kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana sana. Simgusi. Chumba anacholala siingii. Hata jina lake silitaji. Wakati wa kuoa kuna ng'ombe aliyetolewa kati yetu, kwa hiyo tunaitana Pakiteng', mimi kwake na yeye kwangu, kwa ajili ya ng'ombe huyo. Sasa utampimaje presha mtu wa namna hiyo?

Nikamwomba jirani yetu, Mama Tluway, anayetuletea maziwa kila asubuhi. Yeye anaingia chumbani kufunga mkanda, mimi nasimama sebuleni mbele ya pazia natoa amri.

"Mgongo uegemee! Miguu isipishane! Shuka litoke mkononi! Mkono juu ya mto, usawa wa moyo! Hakuna kuongea!"

Mashine ikimaliza, Mama Tluway anaipitisha pembeni ya pazia, nasoma namba. Nilijiona profesa kabisa.

Siku ya kwanza ilitoka mbaya. Nikampigia Naserian, akalia kwenye simu mpaka wenzake jikoni wakamnyang'anya mwiko. Siku ya pili, ajabu! Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Ya tatu, nzuri. Ya nne, nzuri zaidi. Nikaposti hapa hapa, mnakumbuka: "Nimepunguza chumvi, presha imetii." Mkanipongeza. Mmoja wenu akaniita dokta, na mimi sikukataa.

Nyuma ya pazia nilikuwa nasikia vicheko vya chini chini. Nikadhani ndiyo afya inarudi.

Leo ilikuwa siku ya kwenda kituoni kuomba ruhusa ya mama kurudi kwake. Nilimwambia mama mkwe tusiwe na wasiwasi, tutawaonyesha kumbukumbu za mashine, basi. Asubuhi nimemkuta ameshakaa nje na mfuko wake. Ndani ameweka sukari, majani ya chai na kanga mpya ya dada yake. Alikuwa ameangalia upande wa msitu wa Ngorongoro, kule kwao, na uso wake ulikuwa wa msichana. Nilifurahi, jamani. Nilijiona mkwe bora mkoa mzima.

Mama Tluway alikuja nasi ili amshike mama mkono. Njia nzima hakusema neno. Nikadhani ni kichefuchefu cha gari.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu, na chumba cha kupimia mlango wake ulikuwa wazi, kila mtu anaona. Nesi hakutaka kumbukumbu za mtu. Akamkalisha mama, akasubiri atulie, akampima mwenyewe.

"Mia moja tisini na mbili kwa mia moja na nne."

"Sista, rudia," nikasema.

Akarudia. Hali ileile.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. (Sikunyamaza.)

"Sista, samahani, hiyo mashine yenu imechoka. Mimi nina ya kwangu, nimeichagua mwenyewe. Wiki nzima mama yuko vizuri. Nilikuja hapa mtupe ruhusa, siyo mtutishe!"

Nikaitoa kwenye begi, nikaiweka mezani kwa kishindo. Foleni yote ikageuka. Nesi hakukasirika hata kidogo. Akachukua mkanda wangu, akamfunga mama, akabonyeza. Tukasubiri. Mimi nimekunja mikono, natabasamu.

Mia moja tisini kwa mia moja na mbili.

Mashine yangu! Niliyoisifu!

"Mashine yako ni nzima, kaka," nesi akasema. "Nyumbani nani anampima?"

Nikamwonyesha Mama Tluway kwa kidole. Mama Tluway akaangalia sakafu. Nesi akamtazama muda kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mama, hebu kaa na wewe." Akamfunga mkanda.

Mia moja kumi na tisa kwa sabini na sita.

Nilizitambua namba zile kama unavyomtambua mtoto wako kwenye kundi. Halafu mzee mmoja wa Endamarariek aliyekuwa mbele ya foleni akapiga paja lake.

"Basi mwandikieni huyo jirani ruhusa aende Ngorongoro! Yeye amepona kabisa!"

Watu wakacheka mpaka mama mmoja mjamzito akaomba wamhurumie. Mimi nikacheka pia, kicheko cha mtu aliyekanyaga miiba. Wazee wetu, Wambulu na Wamasai, walikuwa wakiibiana ng'ombe. Hawa wawili wamepatana, wakaniibia mimi!

Nikageuka nimkemee Mama Tluway. Nikamwona mama mkwe, nikaacha. Alikuwa amefunika uso kwa shuka.

Nesi akaongeza dawa, akasema turudi tena kituoni, na asikose kupimwa kila siku. "Mkono wake mwenyewe," akaongeza. Hata hilo lilichekwa.

Nje, Mama Tluway akasema, "Baba, nisamehe. Siku ile ya pili ilitoka mbaya tena, kabla hatujakuletea. Akanishika mikono, akalia. Nami nina mama. Nikasema lete, nijifunge mimi."

"Ungeniambia!"

"Ungempigia Naserian."

Ni kweli. Ningempigia.

Mama mkwe akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, uso bado upande wa pili, "Pakiteng', usimkasirikie huyu. Mimi nilimlilia. Kwetu watu wanahama, wanapisha hifadhi. Jirani wa upande ule amekwenda. Wa upande huu anafunga mizigo. Mimi nakaa hapa nangoja presha. Itashuka, sawa. Nitarudi kwa nani?"

Nimesoma maelekezo yote ya ile karatasi na hilo halimo. Haendi nyumbani kwa sababu presha haijashuka, na presha haishuki kwa sababu haendi nyumbani. Mtu gani anaweza kulitibu hilo kwa kupunguza chumvi?

Simu ikaita. Naserian. "Ameruhusiwa?" akauliza kwa furaha, na nyuma yake nasikia masufuria. Nikamweleza yote. Akasema, "Mpe simu mama." Wakaongea Kimaa, nami nikashika neno moja tu, inkishu, ng'ombe. Mama mkwe aliporudisha simu aliiweka juu ya ukuta ili nisije nikagusa vidole vyake. Hata leo, na aibu yote ile, hakusahau heshima.

Mfuko wake tumeurudisha ulivyo.

Jioni hii Mama Tluway hakuja. Ana haya. Nikawa nimesimama sebuleni na mashine mkononi, sijui nianzie wapi, nikasikia sauti chumbani.

"Pakiteng', ingia."

Sikuamini. Akarudia. Nikavuka pazia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameegemea vizuri, miguu haijapishana, mkono mtupu juu ya mto, macho ukutani. Nami nikaangalia ukuta wa upande wangu, nikamfunga kwa kupapasa. Mkono wenyewe ni mwembamba, jamani. Mashine ikajaa upepo, ikapumua.

"Imeshuka?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Nikaumeza.

"Bado, Pakiteng'."

"Basi kesho tena," akasema, akavuta shuka lake.

Kwa hiyo nawaomba, msinicheke leo. Chekeni siku nitakayomfikisha kwake.