Mguu wa Tatu wa Mkurugenzi

Wanangu, kaeni vizuri, hili ni jambo la serikali. Idara ya Vipaji vya Ukoo ilitangaza: kila familia ilete mwanamichezo wake wa zamani aandikwe ukutani, kabla ya Jumamosi, uwanja utakapopewa jina la Mkurugenzi wa Idara, bingwa wa mbio. Jambo zuri. Mimi fundi viatu, spoti yangu ni kukaa, lakini nililiunga mkono.

Basi mjukuu wangu wa kike akapekua sanduku la bibi yake, akatoka na nusu ya picha. Bibi yake msichana, utepe kifuani, mguu mmoja hewani. Miaka arobaini na mbili ya ndoa, mie najua mama huyu hutembea kwa kujivuta.

"Bibi, ulikimbia?"

"Nilishinda. Wakasema jina langu halimo kwenye orodha. Nikarudi nyumbani kufua." Alikuwa anachambua maharage, mkono ukasimama. "Nataka waniandike, kabla sijafa."

Tukaenda. Karani, kijana mwenye adabu, akaipima picha kwa rula.

"Mama, hapa una mguu mmoja."

"Mwingine umechanika na picha."

"Kanuni inataka miwili. Naweza kukuandika nusu mshindi. Usijali, wengine wanakuja hawana hata kisigino."

Alitaka kutusaidia, tusimlaumu. Mimi kwa mazoea ya kazi nikawa naangalia miguu. Juu ya kichwa chake alining'inia Mkurugenzi kwenye fremu, kijana, ameshika ncha ya utepe, anacheka. Viatu vyeusi vya ngozi, vya ofisini. Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Mwanangu, bosi wako ana miguu mitatu."

"Ule wa tatu ni kasi, mzee. Tulielezwa kwenye semina."

Kasi ilikuwa peku. Na kidole chake cha mwisho kimempanda jirani yake. Kidole kile nimekishonea viatu miaka arobaini na mbili.

"Mke wangu," nikamwambia, "mguu wako uko serikalini."

Karani akajaza Fomu ya Kudai Kiungo, akaipeleka ndani. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama anavyosaini zote. Hiyo ndiyo sifa yake ya uchapakazi. Fremu ikashushwa. Mjukuu wangu akaunganisha nusu mbili, zikashikana kama mlango na kizingiti. Bibi akawa na miguu miwili. Mkurugenzi akabaki na yake.

Karani akafungua kanuni, akasoma polepole. "Mwenye utepe kifuani ni bingwa. Mwenye utepe mkononi ni kibarua." Akaigeuza fomu, akaonyesha saini. "Na mkubwa ameshasaini."

Jumamosi uwanja ukapewa jina la mke wangu. Mkurugenzi hakudhalilishwa hata kidogo, maana serikali ina heshima: alipangiwa kazi ambayo tayari ana uzoefu nayo. Mama akajivuta mpaka kwenye mstari, peku, akamtazama Mkurugenzi, ncha ya utepe mkononi, kuanzia viatu.

"Shika vizuri, bwana," akamwambia. "Mara ile ulilegeza."