Ombi la Kuwalaza Wodini Maharusi Wasioumwa

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,
ambaye pia ni mwanafunzi wangu wa zamani, dawati la pili kutoka dirishani.

Ndugu Mganga Mkuu,

Niwie radhi kwa kimya cha miaka miwili. Barua yangu ya mwisho ilihusu saa ya ukutani katika ukumbi wa kusubiria, ambayo ilikuwa ikichelewa dakika kumi na tano. Hukunijibu, lakini nilipopita mwezi uliofuata niliikuta imesimama kabisa, nikaelewa kwamba suala limeshughulikiwa. Tangu hapo sikuwa na malalamiko. Sasa ninayo.

Kitindamimba wangu na mume wake ni madaktari vijana katika wodi yako ya tatu, ya wanaume. Walifunga ndoa miezi minane iliyopita. Ulialikwa, ulituma salamu. Katika miezi yote hiyo hawajapata fungate. Sisemi kwamba wamepata fupi, au mbaya, au ya mvua. Hawajapata. Wiki iliyopita binti yangu aliniletea barua ya kuacha kazi, akaniomba niipitie kabla hajaileta kwako. Nimesahihisha maandishi ya watu kwa miaka thelathini na minane, yakiwemo ya kwako, na nadhani bado unaikumbuka kalamu yangu nyekundu. Katika barua ile sikupata kosa hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa, nikaamua barua yangu iitangulie yake.

Nayaweka malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Ratiba ya zamu. Kwa kuwa ni mume na mke, ofisi yako iliamua wasipangwe zamu moja, "wasije wakapendeleana mbele ya wagonjwa." Na kwa kuwa wodi ya tatu ina madaktari wawili tu, mmoja akiingia mwingine anatoka, kama ndoo mbili za kisima kimoja. Nafasi ya daktari wa tatu ipo, nimeiona kwa macho yangu. Ni kiti kilicho nyuma ya mlango, na kimekaliwa na maboksi ya glavu. Hivyo basi mume na mke hukutana saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa dakika kumi za makabidhiano, wakiwa wamesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na wanachoambiana ni habari za choo cha mtu mwingine.

2. Harusi yenyewe. Bwana harusi aliitwa kabla ya picha. Pikipiki tatu zilikuwa zimegongana, naye akatoka mbio, akaacha koti lake kwenye kiti. Mpiga picha akasema mwanga unaisha. Mjomba wa bwana harusi, fundi bomba wa miaka sitini na mitatu, akavishwa koti lile, akasimama mahali pa mpwa wake. Albamu iko sebuleni kwetu. Wageni huifungua, kisha hunitazama mimi kwa huruma. Mmoja alinishika bega akaniambia, "Usijali, mzee. La muhimu wanapendana."

3. Nyumba. Ninaishi nao, katika chumba cha nyuma. Kitanda chao hakipoi: huyu anaamka, yule analala, na shuka halijui ni la nani. Mwezi uliopita jirani yetu, mama mwenye macho mazuri kuliko hekima, alinivuta kando ya uzio akaninong'oneza: "Baba, mie si mmbeya, lakini kuna mwanamume anaingia humo kila binti yako akishatoka. Tena anajua saa zake, na ufunguo anao." Nikamwambia ndiye mume. Akacheka sana, akasema, "Haya baba, tuseme ndiye."

4. Daftari la makabidhiano. Hapa naomba usome polepole, kwa maana ofisi yako inaliita kosa la binti yangu, nami naliita lako. Mlipiga marufuku simu wodini. Nyumbani, mmoja akiwa macho mwingine amelala. Kwa hiyo wanandoa hawa walibaki na mahali pamoja tu pa kuandikiana, nalo ni daftari la makabidhiano. Nimeonyeshwa kurasa zake. "Kitanda cha nne aongezewe maji. Kitanda cha sita dripu imeziba. Mayai yapo kwenye kabati, nimekukumbuka." Sijawahi kusoma barua za mapenzi zenye mpangilio mzuri kiasi hicho.

Siku moja binti yangu, baada ya fungate kuahirishwa mara ya pili, aliandika maagizo ya hoteli ili mume wake apige simu wakati wa mapumziko. Aliandika hivi: "Chumba namba kumi na mbili, chenye dirisha la kuelekea bustani. Watu wawili, siku saba. Chai waletewe chumbani. Wasisumbuliwe." Kabla mume hajafika kwenye daftari, sista mkuu wa wodi alikuwa ameshalisoma. Huyo ni mtumishi wa zamani, na msemo wake unajulikana: "Mwandiko wa daktari haujadiliwi." Hospitali yako nayo ina chumba namba kumi na mbili, nacho kina dirisha la kuelekea bustani. Sista aliwachukua wagonjwa wawili waliokuwa wanaendelea vizuri, mzee wa kitanda cha nane, aliyekuwa tarishi, na mzee wa kitanda cha kumi na moja, muuza mkaa, akawahamishia humo. Wakaletewa chai. Hawakusumbuliwa.

Mume, alipoona agizo limewekewa alama ya kutekelezwa, akaamini hoteli imeshapigiwa. Kosa lilipogundulika siku ya tatu, wazee wale walikataa kutoka. Muuza mkaa alisema, "Imeandikwa siku saba, na mimi nahesabu." Walizimaliza. Nasikia hadi leo wanatembeleana kila Ijumaa, na mmoja akichelewa mwingine ananuna. Kwa maneno mengine, fungate ya mwanangu imefanyika, imefana, na imezaa matunda, ila kwa watu wasiohusika. Binti yangu alipata barua ya onyo. Hoteli ikakigawa chumba.

5. Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi. Nilipiga simu hotelini mimi mwenyewe kuuliza ni nani aliyekichukua chumba cha wanangu. Mpokezi, binti mwenye adabu, akanijibu kwamba wiki hiyo vyumba vyote vilichukuliwa na viongozi wa hospitali, kwa semina ya siku tano kuhusu uchovu wa madaktari vijana. Chumba namba kumi na mbili ulilala wewe. Alisema ulikisifia kitanda.

6. Mjukuu. Sitaki kuingilia mambo ya watu wazima. Nasema tu kwamba elimu ya viumbe niliyoisoma ilidai wahusika wawe katika chumba kimoja kwa wakati mmoja. Kama taaluma yenu imesonga mbele, nijulishwe.

7. Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, nilifungua mlango wa mbele nikamkuta binti yangu amesimama kizingitini, ufunguo mkononi, macho yamefumba. Nilidhani anasali. Alikuwa amelala. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani kama nilivyokuwa nikimwingiza akiwa na miaka mitatu. Akaniambia bila kufumbua macho, "Baba, yule nikikutana naye barabarani bila koti jeupe, sidhani kama nitamjua." Jioni yake ndipo aliponiletea ile barua isiyo na kosa.

Ndugu Mganga Mkuu, najua utaniuliza: wakiondoka wote wawili, nani atabaki na wagonjwa? Nimelifikiria jambo hilo kwa niaba yako, kwa kuwa niliona hakuna mwingine anayelifikiria.

Kwanza niliwaza wananchi watangaziwe wasiugue kwa siku saba. Nilikwisha kuandika rasimu ya tangazo, yenye kuwataka wenye pikipiki watembee kwa miguu na wenye homa wazipangie wiki inayofuata. Nikaiacha, maana wenye pikipiki hawasomi matangazo, ndivyo wanavyokufikieni.

Kisha niliwaza wodi nzima iende fungate pamoja nao. Hoteli ina vyumba arobaini, wodi ina vitanda ishirini na vinne, na basi la kukodi linatosha. Sista mkuu angebeba daftari. Mpango huu ulikwamia kwa mzee wa kitanda cha tisa, ambaye mguu wake umefungwa kwenye chuma kilichoshikizwa darini, na dari si mali ya kusafiri nayo.

Ndipo nikafikia ombi langu, ambalo naliona ni la haki na halina gharama yoyote. Katika hospitali yako yupo mtu wa aina moja tu anayeruhusiwa kulala siku saba mfululizo, kuletewa chai, na kutoitwa kwa simu. Mtu huyo ni mgonjwa. Naomba basi mkwe wangu na binti yangu walazwe, kuanzia wiki ijayo.

Dalili wanazo. Wanasahau, wanakonda, wanalala wakiwa wima, na hawatambuani. Angekuja mbeba mizigo wa sokoni na robo ya dalili hizo, wao wenyewe wangemwandikia wiki nzima ya kupumzika na kumwonya asibishe. Kuandikiana hawawezi, kwa sababu kanuni zako zinakataza daktari kumtibu jamaa yake. Kwa hiyo sahihi inayohitajika ni yako. Wapewe chumba namba kumi na mbili, ambacho uzoefu umeonyesha kinafaa. Chati itundikwe nje ya mlango, si ndani. Ufunguo ubaki upande wao. Wasipimwe joto; likiwa juu, si ugonjwa.

Na wodi? Wodi uisimamie wewe. Nakumbuka ulisomea kazi hii, na koti lako nililiona limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yako, mikunjo ya pasi haijavunjika. Kiti kipo pia. Ni kuondoa maboksi tu. Siku saba za zamu asubuhi na jioni zitakufunza kuhusu uchovu wa madaktari vijana mambo ambayo semina haikuyafikia. Ukichoka, uandike kwenye daftari. Sista atatekeleza.

Ikiwa ombi hili litakataliwa, sitapiga kelele. Nitaileta barua ya binti yangu kwa mkono wangu, nami nitakaa katika ukumbi wa kusubiria, chini ya ile saa, mpaka uisome mbele yangu kwa sauti, kama ulivyokuwa ukisoma zamani. Daktari wa kwanza ukishampoteza, wa pili atamfuata, maana hawa wana tabia ya kufuatana mlangoni. Utabaki na maboksi.

Nisalimie sista mkuu wa wodi, na umwambie sina kinyongo naye. Katika hospitali yako yeye peke yake ndiye aliyewahi kutekeleza fungate kikamilifu. Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye hunisalimia kwa jina la mtu mwingine lakini kwa heshima. Wasalimie tarishi na muuza mkaa ukiwaona Ijumaa. Msalimie pia mama yako, ambaye kila nilipokulalamikia alikuwa akiniambia, "Mwalimu, huyu haelewi mpaka yamfike." Nilimbishia. Nataka kuendelea kumbishia.

Wako katika kungoja,
Mwalimu wako, sasa mstaafu, bado mkali.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imefungwa nilipopokea majibu ya vipimo vyangu. Nina mawe katika mfuko wa nyongo, na imeamriwa nipasuliwe wiki ile ile niliyowaombea watoto mapumziko. Kwa hali hiyo, naomba uyasitishe. Mpasuaji wenu mkubwa apasue, sina neno, lakini sitakubali kulala wala kuamka mikononi mwa vijana nisiowajua. Mkwe wangu asimame kulia kwangu na binti yangu kushoto, zamu zote, siku zote saba. Kile kifungu cha kanuni kuhusu kutibu jamaa nimekisoma tena, kina mwanya. Ile barua ya kuacha kazi bado iko mezani kwangu. Nimemwambia binti yangu kwamba nimeona makosa kadhaa, asiwe na haraka. Mimi nilazwe chumba namba kumi na mbili. Ukitazama vizuri utaona kwamba fungate wataipata humo humo: chumba kimoja, watu wawili, siku saba, chai ikiletwa. Siku ya kuja sijaiamua, nikishaiamua nitakuandikia. Na kuhusu faragha yao usiwe na wasiwasi. Wakitaka kuzungumza yao, nitageukia ukutani.