Kompyuta Inayomkana Mwenzake kwa Sababu ya Tundu

Nyakabanda, Kigali

Kwa Bi Gahongayire, Mwenyekiti wa Ushirika wa Mafundi Cherehani,

Amani iwe kwako na kwa wote wa ofisini. Mimi Ilyasi, mdarizi wenu, kwa heshima zote naishtaki kompyuta ya ushirika.

1. Tangu Idi, mashine ya kudarizi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB la kushoto la kompyuta, zikaelewana. Jumatatu nikaihamishia la kulia ili kupisha chaja ya simu yako. Kompyuta ikatangaza imepata kifaa kipya, ikatafuta programu ya kukiendesha, ikashindwa. Kipya kipi? Waya ule ule, vumbi lile lile.

2. Fundi Scovia alinieleza kwa upole. Kila tundu lina anwani yake. Kifaa kikiingia, kompyuta hukiuliza kiwanda kilikotoka, aina yake na namba yake binafsi. Mashine yetu haikupewa namba binafsi, basi inatambuliwa kwa tundu tu. Mimi nikihama safu msikitini, imamu hanitambulishi upya kwa waumini.

3. Flashi ya Keith, mpiga picha wetu wa matangazo, imejaa virusi na sinema. Ila ina namba yake, kwa hiyo inakaribishwa tundu lolote. Huu ni upendeleo na umeniuma.

4. Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu Uwizeye. Darizi ya mushanana, vazi lake la sherehe, imeishia UWI. Herufi zilizobaki zimo ndani ya kompyuta, nayo inadai haimjui anayezitaka. Binti wa watu asimame mbele ya wakwe na nusu jina? Scovia anashauri niurudishe waya kushoto. Siurudishi, aliyekosa ni kompyuta.

5. Naomba basi ivuliwe uanachama, na siku ya umuganda, sote tukitoka kwa kazi za pamoja, izungushwe mtaa mzima ijifunze kwamba mtu hutazamwa sura, si mlango alioingilia.

Nisalimie wasusi wa jirani, na mlinzi pia.

Mwanachama wako mwenye uchungu,
Ilyasi

Nyongeza: Jana baba wa mchumba, mzee Nsabimana, alikuja kwangu. Barabara inachimbwa, akapitia mlango wa jikoni na viatu vya matope. Nikamwambia viazi tumeshanunua, nikafunga. Naona haya hata kuandika. Waya nimeurudisha kushoto na jina limekamilika, lakini wakwe hawapokei simu. Tafadhali, wewe wanakuheshimu, nenda ukaniombee msamaha. Mwambie aje kwa lango la mbele, hapo nitamjua.