Seva Yenye Hadhi ya Mkurugenzi

Jumatatu, 2 Machi 1998
Mimi, Kondo, ni mkurugenzi wa ofisi ya barua pepe, Mwananyamala. Ofisi yenyewe ni kona ya saluni ya mke wangu, Mwamvita, nyuma ya draya. Hilo silitangazi. Kampuni ya mtandao imeisajili seva yangu, kompyuta inayotuma na kupokea barua, kwa jina la saluni, eti kwa kuwa simu ni ya Mwamvita. Mkurugenzi mzima nitume barua kwa jina la wasusi! Nimelibadilisha. Sasa inaitwa Kondo Kimataifa.

Jumanne, 3 Machi
Herieth, binti wa jirani, amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uholanzi. Lazima aikubali kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo anapewa mwingine. Badru wa duka la pili alitaka kumpelekea jibu kwa faksi. Faksi! Nimemwambia binti hayo ni mambo ya wazee. Jibu lake nimelituma mwenyewe kwa barua pepe.

Jumatano, 4 Machi
Barua haijaondoka. Nimejitumia za majaribio, zimefika zote. Kwa hiyo seva ni nzima, Wazungu ndio wabovu. Nimebadilisha waya wa simu. Nimezima, nimewasha. Mwamvita akauliza kama nimesoma ujumbe wa kosa. Nikamjibu mkurugenzi hasomi makosa.

Alhamisi, 5 Machi
Herieth ameshinda hapa akilia. Roho imeniuma, basi nikausoma ule ujumbe wa kosa. Kumbe seva yangu inabisha hodi Uholanzi, inaulizwa ni nani, inajibu Kondo Kimataifa, jina lisilosajiliwa popote. Inafungiwa mlango! Mwamvita akasema nirudishe jina la saluni. Nikasema nitalifikiria.

Ijumaa, 6 Machi
Alasiri Badru akaja kumchukua Herieth wakatume faksi. Bora aibu ya saluni kuliko ushindi wa Badru! Nikarudisha jina. Barua ikaondoka Badru akiwa bado mlangoni. Herieth akamkumbatia Mwamvita. Mimi nikapewa asante ya mbali.

Jumamosi, 7 Machi
Jibu limekuja, nafasi ni yake. Mtaa mzima umefurika kumpongeza Mwamvita! Wateja wapya wanaulizia barua pepe ya Mama Saluni. Dharau gani hii? Nimebadilisha jina tena. Kosa nimeshaliona: Kondo Kimataifa lilikuwa jina dogo, ndiyo maana hawakulijua. Sasa ni Kondo Dunia Nzima. Herieth anatakiwa athibitishe tarehe ya safari kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi inakwenda. Nimemwambia aache kazi hiyo kwangu, yeye akafungashe mizigo.